Bata wa Mti na Rangi ya Chini

Tafakari ya wiki ya kwanza ya Kwaresima



Jumapili, katika Injili, tulimsikia shetani akisoma zaburi. Alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu, akamsomea ile ya 91, aya ya 11 na ya 12, za malaika na mikono yao na mguu usijikwae. Alisoma vizuri. Aliruka kipande kidogo tu, kile kinachotaja njia zote za mtu, kisha akaishia pale alipotaka. Nawaomba jioni moja ya wiki hii muifungue zaburi hiyo nyumbani mwone kilichofuata. Aya ya 13 ina habari za kumkanyaga nyoka. Msomaji wetu alifunga kitabu kabla hajafika huko, na sababu mnaijua. Halafu rudini juu, aya ya 3, ambayo hata sisi hatukuiimba katika wimbo wa katikati. Hapo mzaburi anasema Mungu ndiye amwokoaye mtu na mtego wa mwinda ndege. Zaburi inayoonya juu ya mtego ndiyo iliyochukuliwa ikatumika kutegea.

Huyo mwinda ndege amenikaa kichwani. Watu wa hapa kwetu Mtama hawahitaji kufundishwa mtego ni nini. Watoto wetu wanajua kupika utomvu ukawa ulimbo, wakaupaka kwenye kijiti karibu na dimbwi wakati wa kiangazi, wakajificha kwenye kichaka wakisubiri kiu ifanye kazi yake. Lakini hiyo ni kazi ya mtoto. Ndege anakuja kunywa maji, ananasa, basi. Upo ufundi mwingine, wa zamani na wenye kina zaidi, ambao mwindaji anamtumia ndege kumkamata ndege.

Yoshua bin Sira anautaja katika sura ya 11, aya ya 30. (Kwa ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaosoma karatasi hii: kitabu hicho hakimo katika Biblia zenu nyingi, mtatuazima sikio.) Mzee yule yuko katikati ya kuonya watu wasimwingize kila mpita njia nyumbani, na ghafla anasema kwamba moyo wa mwenye kiburi ni kama kwale aliyefungiwa kizimbani ili awaite wenzake. Hafafanui. Anadhani kila msomaji wake amewahi kumwona ndege huyo.

Magharibi mwa Kenya wamemwona. Huko ndege wa kutegewa ni tombo, wale wadogo wenye madoa wanaojificha nyasini. Waluhya humwita isindu, Wajaluo humwita aluru. Mtegaji hufuga madume kwenye vikapu vidogo vya kusuka. Vikapu huning'inizwa kwenye mti mmoja mrefu, kimoja juu ya kingine, na mti ukasimikwa mahali pa wazi. Alfajiri madume huanza kuita. Tombo wa porini, ambao huhama wakifuata mvua, wakisikia sauti ya mwenzao hushuka, wakaingia kwenye vijia vilivyofyekwa ndani ya nyasi, na kwenye kila kijia kuna kitanzi.

Mfikirieni kidogo yule wa kikapuni. Hadanganyi. Anaita kwa sababu ni dume na kumekucha. Sauti yake ni ya kweli, lugha ni ya kweli, hata hamu iliyomo ndani ya wito ule ni ya kweli. Wala hafaidiki na chochote isipokuwa punje za mtama anazotupiwa na mkono uleule unaowachinja wenzake. Hapo ndipo ninapomwelewa Sira. Mwenye kiburi, kwa Sira, si mwindaji. Ni ndege aliyenaswa kabla ya wote, amepandishwa juu mahali pa kuonekana, na anadhani urefu wa ule mti ni cheo.

Marekani walikwenda mbali zaidi, wakamtengeneza ndege mwenyewe. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock jimboni Nevada, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shimo la akiba, na ndani yake bata 11 waliotengenezwa kwa matete, baadhi wamepakwa rangi na kuvishwa manyoya. Umri wao ni kama miaka 2,000. Kwa hiyo karibu na zama zile ambazo wavuvi wa Galilaya walikuwa wakishona nyavu zao, mwenyeji mmoja wa bara lile la mbali alikuwa amekaa chini akikunja matete mpaka yakawa kifua cha bata. Walowezi wa Kizungu walipofika wakajifunza, ila wao wakatumia mti: mwerezi na msonobari, miti myepesi inayoelea. Mwili huchongwa kwa shoka na kisu, mara nyingi ukakombwa ndani upungue uzito. Kichwa huchongwa peke yake na kupachikwa. Chini hupigiliwa kipande cha risasi ili ndege asipinduliwe na mawimbi. Katika karne ya 19 wawindaji wa biashara walikuwa wakiwamwaga bata hao majini kwa mamia, wakaua wa kweli na kuwapeleka mijini ndani ya mapipa, hadi sheria ya mwaka 1918 ilipokataza kuwauza. Mwaka 1935 ikakatazwa pia kutumia bata hai waliofungwa kamba mguuni kuwaita wenzao, yaani ule mtindo wa kwale wa Sira.

Katika mji wa Crisfield, jimbo la Maryland, walikuwepo ndugu wawili vinyozi, Lem na Steve Ward, waliokuwa wakichonga bata wa mti katikati ya mteja mmoja na mwingine. Katika jina la biashara yao walijiita waghushi wa ndege wa majini. Nimewapenda kwa hilo. Ni wachache wenye kazi ya kudanganya wanaoitangaza.

Mafundi hao walijua mambo mawili ambayo nayaona yanamhusu kila anayesali asiingizwe kishawishini. La kwanza ni kwamba rangi isimetemete. Bata wa mti aking'aa juani, bata wa kweli hupaa. Kwa hiyo walitafuta rangi iliyofifia, ya kawaida, isiyoonekana kuwa inataka kitu. La pili ni kwamba bata hashuki kwa sababu ya chakula peke yake. Anashuka kwa sababu amewaona wenzake wametulia. Mwindaji huwapanga bata wake wa mti kwa mafungu, akaacha katikati uwazi wa maji, upande ambao bata anayekuja akiuelekea upepo atapenda kutua. Ukitazama kutoka juu unaona jamaa wamekaa kwa amani, na wamekuachia nafasi. Nafasi hiyo ndiyo iliyopimwa na bunduki.

Wenye umri wanaukumbuka upatu wa DECI. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha upatu ule, wengi walishangaa, kwa kuwa lugha yake yote ilikuwa ya kanisani. Mtu hakuambiwa aweke fedha, aliambiwa apande mbegu. Hakulipwa, alivuna. Na waliokuwa mbele walikuwa wachungaji. Tangu hapo zimekuja nyingine nyingi za kwenye simu, zenye majina ya kigeni, na zina mazoea ya kuchomoza huku kwetu minada ya korosho ikishaanza na fedha za vyama vya ushirika (AMCOS) zikishasoma kwenye akaunti. Tapeli mwenyewe hujawahi kumwona na hutamwona. Anayekuja kwako ni shemeji. Ni jirani mnayesali naye kwenye jumuiya. Ana simu mpya mkononi, na simu ile kweli aliinunua kwa faida ya mwezi wa kwanza, akakuonyesha ujumbe wa muamala, na ujumbe ule nao ulikuwa wa kweli. Hamna kinachometameta. Ni mtu unayemfahamu, ametulia, na amekuachia nafasi.

Huyo shemeji ndiye ninayetaka kumzungumzia wiki hii. Wahubiri tunajua sana kuonya watu wasinaswe, na mahubiri ya namna hiyo hayana gharama, kila mmoja kanisani huitikia kwa kichwa. Tunachokwepa ni yule aliyekuwa kikapuni akiita. Upatu ulipokatika, fedha yake nayo ilikwenda, pengine nyingi kuliko ya wote aliowaingiza. Akaanza kukosa jumuiya. Kwanza alikuwa na udhuru, baadaye hakuhangaika hata na udhuru. Sokoni anapita upande wa pili. Ninaye mtu wa namna hiyo moyoni ninapoandika, na msijaribu kumtafuta, kwa sababu ninao zaidi ya mmoja, na si wote wa parokia hii.

Kuna maisha ya pili ya bata wa mti yanayoweza kutusaidia hapa, na ndiyo hasa yaliyonifanya nisome habari zao hadi usiku.

Kila mwaka kabla ya msimu, mwindaji aliwatoa bata wake stoo akawapaka rangi upya. Alitumia iliyokuwepo: iliyobaki kwenye mashua, iliyobaki kwenye milango. Hakuwa na shida ya uzuri, alitaka mwaka mwingine wa kazi. Bata aliyedumu miaka 60 alikuja kuwa na tabaka juu ya tabaka, shingo imenenepa kwa rangi, mistari ya manyoya aliyoikata fundi wa kwanza imezibwa. Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 1934 msanifu majengo wa New York, Joel Barber, alichapisha kitabu juu ya bata hao akiwatazama kama kazi ya sanaa, na watu wakaanza kuwatafuta kwenye mabanda na mapaa. Mwaka 2007 bata wawili waliochongwa na mzee Elmer Crowell wa Massachusetts waliuzwa kila mmoja zaidi ya dola milioni moja. Sitaki kupiga hesabu ni zahanati ngapi, tuliache hilo.

Kinachopandisha bei, wasema wenye kazi hiyo, ni rangi ya kwanza, ile ya mkono uliomchonga. Hata ikiwa imechakaa. Hata ikiwa imepasuka na kufifia na robo yake haipo. Bata aliyepakwa upya akawa safi kama wa dukani hushuka thamani vibaya sana kuliko mwenzake mwenye makovu. Kwa hiyo kazi ya kuwarekebisha bata wa zamani imekuwa zaidi kazi ya kuondoa. Fundi humweka bata chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo huifanya rangi mpya ionekane tofauti na ya zamani. Humpiga eksirei aone misumari na chembe za risasi zilizozama mwilini. Kisha huanza kuinua tabaka la juu kwa kisu chembamba cha upasuaji na pamba yenye dawa, sehemu ndogo ndogo. Akifika mahali ambapo rangi ya kwanza imetoka kabisa na mti uko wazi, hapo na hapo tu anaweka rangi yake. Hairuhusiwi hata kidogo kuvuka ukingo ikaigusa ya zamani. Tena anatumia rangi inayoweza kutolewa, ili fundi wa kesho akiona amekosea aiondoe bila kumwumiza ndege. Matundu ya risasi wengi huyaacha. Ni sehemu ya maisha yake.

Sisi tunaoishi chini ya uwanda wa Wamakonde si wageni wa mambo ya mti na rangi. Kila mtu hapa anajua kinyago cha mti mweupe kikipakwa kiwi nyeusi na kusuguliwa kwa brashi ya viatu kinaweza kwenda Dar es Salaam kikauzwa kwa mgeni kama mpingo. Dawa yake ni beseni la maji. Mpingo huzama.

Nami nimeona kazi ya kuondoa rangi kwa macho yangu, hapa barazani kwangu. Kigango kimoja, sitakitaja, kina sanamu ya Mama Maria ya mti, ya tangu siku za mapadre wa zamani, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Akina mama wa kigango waliona imechakaa, wakachanga, wakanunua kopo la rangi ya mafuta, ile buluu nzito ya milango, na nyeupe ya uso. Waliipaka kwa mapendo makubwa. Ikawa inang'aa hadi kwenye benchi la mwisho. Macho yalikuwa yameongezwa kwa ncha ya brashi, na Mama wa Mungu alionekana kama mtu aliyeshtushwa usiku. Hakuna aliyesema kitu, maana nani atawaambia akina mama waliochanga? Miaka ikapita, rangi ikaanza kubanduka kwa magamba pale mchwa walipokuwa wamegusa msingi wake, ndipo ikabidi aitwe fundi.

Alikuja mchongaji kutoka upande wa Newala, mzee mpole, amekuja na wembe, pamba, chupa ya tina na brashi ya kuchorea. Hakuleta msasa, nami nikamwuliza. Akacheka. "Baba, msasa hauna macho. Unakula yote." Alilaza sanamu kwenye kipande cha kanga, akachagua mkunjo mmoja wa joho upande wa mgongoni, mahali ambapo akiharibu hapataonekana, akaanza hapo. Pamba iliyoloweshwa tina huiweka juu ya buluu, anahesabu kimoyomoyo, anaitoa kabla haijapenya sana. Rangi inalegea kama utando wa uji uliopoa. Anaikwangua kwa wembe alioulaza kabisa, hadi inabaki kama ngozi nyembamba, halafu anasubiri ikauke. Chini ya buluu ya milango palikuwa na nyeupe ya msingi. Chini ya nyeupe palikuwa na buluu nyingine, hafifu sana, ya kupakwa mara moja tu, na ndani yake nyuzi za mti zinaonekana zikishuka pamoja na mkunjo wa joho. Yule aliyechonga alikuwa ameuchagua mti ili nyuzi zake zifanye nusu ya kazi.

Usoni alikaa muda mrefu. Macho yale ya mshtuko yalipotoka, yakatokea mengine yaliyoinamishwa, yakimtazama mtoto. Kumbe alikuwa akimtazama mtoto muda wote huo. Kwenye mkono wa kuume vidole viwili havikuwa na rangi ya zamani wala ya mpya, ni mti mtupu ulioliwa. "Hapa hamna kitu," alisema, "hapa naweza kuweka changu." Akaweka chake, kidogo, akaiacha iwe hafifu kuliko ya kwanza ili anayejua aone kwamba pametengenezwa. Nilitaka kumwambia azibe na ule ufa wa shavuni. Alinitazama tu, nikanyamaza.

Kule Kilwa Kisiwani wamepita njia hiyohiyo kwa mawe. Magofu yale, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004 na kuondolewa hatarini mwaka 2014, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hutengenezwa kwa chokaa. Fundi wa haraka angependa saruji. Saruji ina nguvu, inashika upesi, inapendeza. Lakini ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inazuia unyevu kutoka, kwa hiyo chumvi inajikusanya nyuma yake na jiwe la zamani ndilo linalomeguka, wakati kiraka kinabaki kizima. Nikilifikiria hilo nawaona waamini niliokwisha kuwaona wakimeguka kandokando ya maonyo mazito waliyopewa na wazee wa jumuiya, na mengine na mapadre.

Sasa mfikirieni ndugu yetu aliyewaingiza wenzake kwenye upatu. Naona tunamfanyia moja kati ya mawili. Wengine wanataka msasa. Asimame mbele ya jumuiya aitwe mwizi, na mkewe asikie, na watoto wake wasikie shuleni, mpaka pasibaki juu yake kitu chochote tulichokijua zamani: si kwamba aliimba besi kwenye kwaya, si kwamba ndiye aliyebeba mgonjwa wa fulani hadi Nyangao hospitali usiku wa mvua. Wengine, na hawa ndio wapole, wanataka kopo la rangi. Yaishe, tusiyataje, njoo Jumapili ijayo tukupe nafasi ya kusoma somo la kwanza. Anakuja, anasoma, anang'aa hadi benchi la mwisho, na mama mjane aliyempa fedha ya ada ya mwanawe anakaa pale akimsikiliza.

Zakayo hakufanyiwa hivyo. Someni Luka 19. Bwana hakumtangaza, wala hakunyamaza tu. Aliingia nyumbani kwake akawa mgeni wake. Na Zakayo mwenyewe akajua pa kuweka rangi. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hakuahidi kuwa mtu mwingine. Aliweka mkono wake mahali palipotoboka, pale hasa, kwa yule hasa. Ndugu yetu huenda hana mara nne, huenda hana hata mara moja, ufuta wa mwaka huu hatujui utaendaje. Lakini anaweza kwenda kwa yule mama mjane na gunia moja, akamwambia ni la nini. Nimemwona mtu akifanya hivyo. Mama yule alilipokea gunia, hakumkaribisha kiti, na wiki iliyofuata alimtuma mtoto kuuliza kama gunia lenyewe litahitajika kurudishwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo, na ulikuwa mwanzo wa kutosha.

Wengi wetu tunaiingia Kwaresima kama wawindaji wanavyouingia msimu, tukiwa na kopo mkononi. Jumatano ya Majivu Bwana alituambia kupitia Mathayo 6 habari za wale wanaozikunja nyuso zao ili waonekane wanafunga, akasema mtu aoshe uso. Sikiliza hilo: aoshe. Tunaongeza mfungo juu ya mazoea, rozari juu ya kinyongo, Njia ya Msalaba juu ya kesi ya mpaka wa shamba ambayo hatuna nia ya kuimaliza. Hakuna lililo baya kati ya hayo, na sisemi yaachwe. Lakini mwaka huu, kabla hujaongeza, chagua mkunjo mmoja wa mgongoni, mahali ambapo hakuna anayeona, uanze kulegeza hapo. Jambo moja. Deni ambalo mwenyewe amekwisha kulisahau. Sifa uliyopewa kwa kazi ya mwenzako. Sauti unayoitumia kwa simu ukiongea na bosi na ile unayoitumia dakika inayofuata kwa msichana wa kazi. Moja kati ya sauti hizo mbili ilipakwa baadaye.

Na msiogope mtakachokikuta chini. Mwanzo sura ya kwanza inasema tuliumbwa kwa mfano wa Mungu kabla ya kusema lolote juu ya makosa yetu, na mpangilio wa sura una maana yake. Yule aliyeitwa kwale wa kizimbani na Sira naye alikuwa ndege kwanza. Sauti aliyotumia kuwaita wenzake mtegoni alipewa kwa ajili ya kusalimia asubuhi, na akifunguliwa haina haja ya kubadilishwa. Mtu aliyeweza kuwashawishi watu wa kijiji kizima wampe fedha zao ana kipaji ambacho kamati yetu ya ujenzi haina. Nalisema hilo kwa tahadhari, na mweka hazina wetu usinitazame hivyo. Daftari atalishika mwingine.

Matangazo machache yanayohusiana na hayo. Majirani zetu Waislamu wako kwenye mwezi wa Ramadhani mwaka huu sambamba na sisi, kwa hiyo wenye vibanda vya chipsi kando ya barabara ya Masasi mpunguze basi harufu mchana, kwa faida ya pande zote mbili. Kitubio ni kila Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba hapa parokiani. Vigangoni nitapita kwa zamu, na makatekista watawatangazia. Anayeona haya kupanga foleni mbele ya watu, nyumba ya mapadre ina mlango wa nyuma, na mbwa hufungwa mchana. Jumuiya yenye kesi ya upatu iniite kabla haijaitisha kikao. Na akina mama wa kile kigango, lile kopo la buluu lililobaki msilitupe: madirisha ya sakristia yanahitaji rangi kabla ya masika kukolea.